Baada ya Kikombe

Machi 2011 mama yangu mdogo aliuza mbuzi wawili, akaenda Samunge. Alipanda Land Cruiser ya kukodi pale Arusha na watu wengine kumi na mmoja, wakapitia Mto wa Mbu na Engaruka, wakala vumbi la chini ya Ol Doinyo Lengai mpaka wakaikuta foleni. Walilala garini siku tatu. Siku ya nne kijana mmoja alipitisha kikombe cha plastiki dirishani, ndani yake maji vuguvugu ya rangi ya kahawia. Mama mdogo alisali, akanywa, akarudisha kikombe pamoja na shilingi 500, na dereva akageuza gari. Alikuwa na sukari, mwaka wa tisa sasa.

Tangu siku zile nimesikia hoja zilezile kuhusu kikombe kile: misibani, ndani ya daladala, juu ya kreti za soda nje ya duka la mtaani. Ilipokuja korona mwaka 2020 zikarudi zimevaa nguo nyingine. Mara ni ndege ya serikali iliyokwenda Madagascar kuchukua dawa ya pakanga, mara ni nyungu ya kujifukiza. Kwa kuwa hoja hizi hazizeeki, nimeona nizijibu. Na msomaji ajue mapema kwamba siandiki kuibeza tiba ya jadi. Nilipokelewa duniani na mkunga wa jadi, na utotoni nilinyweshwa mwarobaini kiasi kwamba hadi leo nikiusikia jina tu, mate yananijaa uchungu.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: Ambilikile Mwasapile alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), akiishi kijiji cha Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti ambao mizizi yake ikichemshwa huponya UKIMWI, saratani, kisukari, presha na pumu, kwa kikombe kimoja tu, na sharti kikombe hicho kitoke mikononi mwake. Mti wenyewe Wasonjo huuita mugariga, Wamasai olamuriaki, na kwa Kiswahili ni mtandamboo. Nchi nzima ikamwita Babu. Alifariki Julai 2021.

“Serikali iliipima, ikasema ni salama.”

Kweli ilipimwa, na kweli wataalamu walisema haina sumu. Hilo halikuwa la kushangaza. Wamasai wamekuwa wakichemsha mizizi ya mti huo kwenye supu tangu zamani, Wakikuyu wanaujua kwa jina la mukawa, na watoto wachungaji hula matunda yake porini. Lakini vipimo vile vilijibu swali moja tu: je, kitamdhuru anayekunywa? Swali la pili, je, kitamponya, lilibaki pale pale. Maji ya dafu ni salama. Uji wa ulezi ni salama. Mtu mwenye saratani akiambiwa na mkubwa wa serikali kwamba dawa fulani ni salama, yeye husikia kwamba inatibu, na waliokuwa wakisema maneno yale walijua fika yanavyopokelewa. Mawaziri na wabunge nao wakaonekana wakinywa. Baada ya hapo nani tena angemwuliza mama mdogo kama kuna ushahidi?

“Babu alikuwa tapeli wa pesa.”

Hoja hii naikataa kwa nguvu ileile. Shilingi 500 haikutosha hata soda mbili. Waliotajirika walikuwa wenye magari, waliouza maji ya chupa kwa bei ya kuruka, na wale wa helikopta. Mzee mwenyewe alisimama juani siku nzima akigawa vikombe, na mwishoni mwa Machi, foleni ilipokuwa ya kilomita nyingi na magazeti yakiandika kuhusu wagonjwa zaidi ya 50 waliofia njiani na kwenye foleni, aliomba watu wasije kwanza hadi wale waliokwishafika wapungue. Mtu anaweza kuwa mkweli wa moyo na bado akawa amekosea. Tukimwita mwizi tunajipunguzia kazi, kwa sababu mwizi akikamatwa mambo yamekwisha, na haya hayakuisha: Mbeya, Tabora na kwingineko vikazuka vikombe vingine.

“Watu wote wale hawawezi kuwa wamekosea.”

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hii ndiyo hoja inayowashika hata watu wasomi.

Kwa zaidi ya miaka 2,000 matabibu wa Ulaya waliamini kwamba magonjwa mengi huondoka kwa kumtoa mgonjwa damu. Hawakuwa waganga wa vichochoroni. Walikuwa ndio madaktari wenyewe, wenye vyuo na vitabu. Desemba 1799 George Washington, aliyekuwa rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Madaktari wake walimtoa damu mara kadhaa ndani ya siku moja, kiasi kikubwa mno, na usiku akakata roho. Hawakuwa na nia mbaya. Walifanya walichofanya watu wote, na watu wote walikuwa wamewaona wagonjwa wakitolewa damu kisha wakaamka.

Kilichoiangusha desturi hiyo kilikuwa daftari. Katika miaka ya 1830 daktari wa Paris, Pierre Louis, aliwahesabu wagonjwa wa nimonia: nani alitolewa damu mapema, nani alichelewa kutolewa, nani alipona, nani alikufa. Alipojumlisha, faida iliyokuwa ikihubiriwa vizazi kwa vizazi haikuonekana. Karibu miaka 90 kabla yake, mwaka 1747, daktari wa meli wa Uingereza aitwaye James Lind alichukua mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kiseyeye, fizi zinatoka damu na miguu haina nguvu, akawagawa wawili wawili. Wengine aliwapa siki, wengine maji ya bahari, wawili akawapa machungwa na malimau. Kabla ya wiki kwisha wale wawili wa machungwa walikuwa na nafuu kubwa, mmoja tayari amerudi kazini. Watu 12 tu. Lakini aliwafuata mmoja mmoja, kila siku, akaandika.

Sasa linganisha na Samunge. Maelfu walikunywa kila siku, na kila mmoja aligeuza gari akaondoka. Aliyejisikia vizuri alirudi kijijini akatoa ushuhuda kanisani. Aliyezidiwa alilala ndani. Aliyefariki alizikwa, na msibani hakuna aliyesimama kusema kwamba marehemu alikunywa kikombe. Ndiyo maana shuhuda za kila tiba duniani huwa nzuri: wenye habari mbaya hawako wa kuzisema. Na magonjwa yenyewe yana kupanda na kushuka. Pumu huja na kuondoka. Presha hushuka mtu akitulia moyo, na kwa nini asitulie mtu aliyeambiwa na mchungaji mzee kwamba ameshapona? Mama mdogo alirudi akitembea wima kuliko alivyokwenda. Nililiona hilo kwa macho yangu na silikani.

“Ulikuwa muujiza ambao haujawahi kutokea.”

Ulishatokea, na umetokea mara nyingi, na mimi naona kusahau huko ndiko kunakotuumiza. Pwani yetu inajua kombe tangu zamani: mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi ya mawaridi, mgonjwa akanywa. Neno la Babu na neno la mwalimu wa pwani ni ndugu. Mwaka 1905 watu walimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupokea maji ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wengine walikwenda wakiwa na mbegu za kupanda, wengine na maradhi, wengi na hasira ya kulimishwa pamba kwa viboko. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti mwaka huohuo. Vita dhidi ya Wajerumani viliendelea hadi 1907, na hata hesabu yao wenyewe inataja vifo 75,000, vingi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa.

Ila pacha wa kweli wa Samunge yuko Malawi. Mwaka 1995 mzee aitwaye Billy Goodson Chisupe alisema ameonyeshwa ndotoni mti wa kutibu UKIMWI. Dawa yake iliitwa mchape, jina la kinywaji kilichotumiwa miaka ya 1930 kuwasafisha wachawi. Watu wakafurika kwa magari na kwa miguu. Mzee, ndoto, mti mmoja, na ugonjwa usio na dawa.

Tazama wakati wenyewe. Malawi ya 1995 haikuwa na dawa za kupunguza makali kwa mwananchi wa kawaida. Kusini mwa nchi yetu mwaka 1905 hakukuwa na pa kushtaki. Na Tanzania ya 2011? Dawa za UKIMWI zilikuwa zikitolewa bure tangu 2004, lakini mgonjwa wa saratani wa Ngorongoro aliyehitaji mionzi alitakiwa kufika Ocean Road, Dar es Salaam, na mwenye sukari aliweza kumaliza siku nzima kwenye benchi ili aambiwe vidonge vimekwisha, anunue nje. Foleni ya Samunge ilipima kitu, tena kwa usahihi. Ilipima urefu wa foleni nyingine ambayo hakuna aliyeipiga picha.

“Dawa ya asili haina kemikali, kwa hiyo haina madhara.”

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa Brussels waliokuwa wakipunguza unene kliniki walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine unaofanana nao jina. Huo wa pili ulikuwa na sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sumu hiyo ilitoka kwenye mmea, si kwenye kiwanda cha kemikali. Mwarobaini wetu tunaouchuma nyuma ya nyumba una mafuta ambayo yamewahi kuwalaza hospitali watoto wachanga walionyweshwa. Kama mti una nguvu ya kutibu, una nguvu ya kudhuru pia, na anayedai kwamba dawa yake haina kabisa madhara aulizwe kama ina chochote.

Lakini madhara makubwa ya Samunge hayakutoka kwenye kikombe. Yalitoka kwenye kabati nyumbani, pale dozi ilipoachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kaskazini mwa Tanzania kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ulionyesha kwamba waliokwenda Loliondo walilegea katika kumeza dawa zao. Virusi havisubiri. Mtu aliyeacha dawa kwa imani na aliyeacha kwa uvivu, kwa virusi wote ni mamoja.

“Wazungu hawataki Mwafrika agundue dawa.”

Hoja hii ina mzizi, na anayeicheka hajui historia. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928, kama ile ya Kenya ya 1925, ilifanya kuwa kosa kukutwa na vifaa vilivyodhaniwa kuwa vya uchawi, na mganga aliyekuwa akimtafuta mchawi akajikuta ndani ya kapu moja naye. Maarifa ya mizizi na magome yakajificha, na maarifa yaliyojificha hayakosolewi, hayaendelei. Kisha gome la mwiri, mti wa milima yetu ya Afrika ambao wataalamu huuita Prunus africana, likapewa hataza Ufaransa katika miaka ya 1960 kama dawa ya tezi dume. Miti ikachunwa kwa maelfu, hadi mwaka 1995 ikabidi biashara yake iwekewe udhibiti wa kimataifa. Wenye milima walibaki na visiki.

Hasira hiyo naielewa, ni yangu pia. Ila haithibitishi kwamba kikombe kinatibu. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI kutoka KEMRI, taasisi ya utafiti ya taifa, na Rais Moi mwenyewe akasimama kuizindua. Haikuwa mizizi. Ilikuwa kidonge cha maabara, na Waafrika kote, hadi Marekani, wakajivunia. Nani aliipima ikaonekana haifanyi kitu? Miongoni mwao walikuwa madaktari wa Kampala, waliowagawa wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kitupu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini, na mwaka 1993 wakatoa majibu: hakuna tofauti. Waganda ndio waliosema ukweli kuhusu dawa ya Wakenya, na ilikuwa heshima kwa wagonjwa wa nchi zote mbili.

Neno “asili” nalo linatudanganya. Mwarobaini ulikuja kutoka India. Mlonge vilevile. Wazee wetu hawakuuliza pasipoti ya mti. Waliujaribu, uliofaa wakauita wao.

“Tiba za jadi ni ujinga mtupu.”

Hii husemwa na upande mwingine, mara nyingi na watu waliosoma kidogo kuliko wanavyodhani. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Mtumwa mmoja Mwafrika, aliyepewa jina la Onesimus, alikuwa amemweleza bwana wake, mhubiri Cotton Mather, jinsi alivyochanjwa kwao: usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui hupakwa kwenye chale ya mtu mzima wa afya, akaugua kidogo, asiugue tena maisha yake yote. Mather akamshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu. Mji ukawachachamaa, madaktari wengi wakapinga. Lakini Boylston aliandika kila kitu. Katika waliochanjwa walikufa karibu 2 kwa kila 100, na katika walioambukizwa kwa njia ya kawaida karibu 14 kwa kila 100. Hiyo ilikuwa miaka 75 kabla ya Edward Jenner na ndui yake ya ng'ombe. Chale ya Kiafrika ilishinda kwa sababu watu waliochanjwa walihesabiwa.

Na mseto, dawa ya malaria tunayoimeza leo kila mtaa, je? Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake huko China walikusanya maelekezo ya kale zaidi ya 2,000. Pakanga ya Kichina ilionyesha dalili njema, kisha ikafeli, kisha ikaonyesha tena. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akagundua kwamba mzee yule aliagiza majani yalowekwe maji kisha yakamuliwe. Hakusema yachemshwe. Joto lilikuwa linaiua dawa. Mwaka 1971 akaitoa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na vimelea vikafa kwenye panya na nyani. Yeye na wenzake wakainywa kwanza wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Kisa hiki husimuliwa na pande zote mbili, na kila upande hukata kipande. Wapenzi wa tiba asilia husahau kwamba pakanga ileile, ikichemshwa kama chai, haitibu malaria kwa uhakika, na Shirika la Afya Duniani linakataza kuitegemea. Wanaoidharau husahau kwamba bila Ge Hong maabara ingeendelea kuchemsha. Sisi wenyewe tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002. Tanga, waganga na wauguzi walianza kukaa meza moja miaka ya 1990 kuwahudumia wenye UKIMWI, mganga akijua lini ampeleke mgonjwa hospitali. Njia ipo na imeshakanyagwa.

“Mwache mtu na imani yake.”

Namwacha. Sitamwambia mtu asisali, wala asinywe kombe la zafarani, wala asimwite mchungaji kitandani kwake. Mgonjwa anahitaji kushikwa mkono, na hospitali nyingi zimesahau hilo. Lakini kumwacha mtu na imani yake ni jambo moja, na kumwacha peke yake ni lingine.

Daftari la kliniki la mama mdogo ninalo mimi sasa. Ni daftari la shule la kurasa 48, jalada limefungwa kwa plasta. Kila mwezi nesi aliandika tarehe, presha na sukari. Februari 2011: 8.9. Chini yake, kwa mwandiko wa mama mdogo mwenyewe, kwa penseli: “Machi, Samunge. Nimepona.” Mstari unaofuata ni wa Septemba, umerudi mwandiko wa nesi: 24.3, kidonda mguu wa kushoto, ameacha dawa. Kati ya mistari hiyo miwili nilimtembelea mara tatu. Nilimpelekea sukari na mchele, tukacheka, tukapiga picha. Sikumwuliza kama bado anameza vidonge.